Nyuzi za gitaa la marehemu baba zimepanda: je, shingo ing'olewe?

"Fundi, habari ya kazi. Mimi ni mwalimu, nilihamishwa kutoka Nakuru kuja Kisumu mwaka jana. Nina gitaa kavu, lisilo la umeme, la nyuzi za chuma alilokuwa nalo marehemu baba, lilitengenezwa Japani, nadhani miaka ya 1970. Tangu nifike huku nyuzi zimepanda mpaka nikibana kodi ya F, ile ya kubana nyuzi zote pamoja, vidole vinawaka, na nikipita freti ya saba, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, sauti inatoka nje ya toni. Nimepima kwenye freti ya 12: uzi mnene uko milimita 5 juu ya freti, uzi mwembamba 4. Ule mfupa mweupe wa kwenye daraja, ubao unaoshika nyuzi juu ya uso wa gitaa, umebaki kama milimita moja tu, kuna mtu aliusaga zamani. Nimekaza kile chuma cha ndani ya shingo robo mzunguko, sikuona tofauti. Fundi mmoja wa samani hapa mjini anasema shingo imelegea, apige skrubu mbili kwenye kisigino, pale shingo inapoungana na sanduku la gitaa. Kwenye video nimeona mtu akiing'oa kwa mvuke wa mashine ya kahawa na kuirudisha. Nina presha kuka, na patasi najua kuitumia. Naweza kujaribu mwenyewe? Kama siwezi, nitoe nyuzi zote nikisubiri?"

Mwalimu, pole kwa vidole, na asante kwa kupima kabla ya kuandika. Wengi hunitumia picha ya gitaa limelazwa kitandani wakataka niseme linaumwa nini. Wewe umeleta namba, na namba zako zinasema mengi, ingawa si yote unayodhani.

Nianze na majibu mafupi. Skrubu kwenye kisigino: hapana, hata kama fundi huyo ni bingwa wa makabati. Mvuke wa presha kuka nyumbani: hapana, na nitaeleza kwa nini. Je, shingo ndiyo yenye kosa? Kwa dalili ulizotaja inachangia, karibu nina hakika, kwa sababu mfupa wa daraja umekwisha na nyuzi bado ziko juu. Ila milimita 5 haziletwi na kitu kimoja. Kabla mtu hajagusa gundi ya shingo, tujue kwanza kila kitu kinachangia kiasi gani, maana baadhi yake hurekebishwa kwa saa moja bila kung'oa chochote.

Chukua hiyo kodi ya F. Freti ya kwanza iko kama sentimita tatu na nusu kutoka kwenye mfupa wa kichwani, ule wenye mikato sita ya kupitishia nyuzi. Mahali hapo kimo cha uzi huamuliwa na kina cha mikato hiyo, si na shingo. Hata nikikushushia nyuzi milimita 2 kamili kwenye freti ya 12, kwenye freti ya kwanza zitashuka milimita 0.2 tu. Kwa hiyo unaweza kutumia pesa nyingi kurekebisha shingo, ukarudi nyumbani, ukabana F, na vidole vikawaka vilevile. Jaribu hivi: bana uzi kwenye freti ya tatu, kisha tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya kwanza. Inatakiwa karatasi moja ya kuandikia ipite kwa shida. Ukiona mwanga mpana, mikato haina kina cha kutosha, nayo huchimbwa kwa tupa nyembamba. Ni kazi ndogo kwa mwenye tupa zake. Kwa asiye nazo, uzi ukishuka kupita kiasi utaanza kuvuma kwenye freti ya kwanza, na hapo mfupa unataka kubadilishwa.

Ile ya sauti kutoka nje ya toni ukipita freti ya saba ni jambo jingine. Uzi ulio juu sana unauvuta chini kwa safari ndefu ili uguse freti, na kuuvuta ni kuukaza. Ukikazwa, sauti inapanda. Hapo ndipo shingo inapoingia kwenye mashtaka.

Sasa kuhusu chuma cha ndani, ambacho mafundi wengi huita trasirodi. Watu hudhani kazi yake ni kupandisha na kushusha nyuzi. Kazi yake ni kuzuia shingo isipinde katikati. Shingo nzuri haijanyooka kabisa. Ina mbonyeo mdogo sana ili uzi upate nafasi ya kutetema. Bana uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya 14 kwa wakati mmoja, halafu angalia nafasi iliyo juu ya freti ya sita au ya saba. Milimita 0.15 hadi 0.3 ni sawa, yaani unene wa karatasi mbili tatu za kuchapia. Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo kadi ikipita bila kugusa uzi, shingo imepinda na trasirodi ina kazi ya kufanya. Kama zinapita karatasi mbili tu, umeshapata ulichokuwa unatafuta kwenye chuma hicho, na kukikaza zaidi ni kutafuta siku ya kukikata. Shingo inaweza kuwa imenyooka vizuri kabisa yenyewe, ila ikawa imeingia kwenye sanduku kwa pembe mbaya. Trasirodi haifiki huko. Inaishia ndani ya shingo.

Pembe huharibikaje? Nyuzi za chuma za seti ya kawaida ya 12, namba ya unene wa uzi mwembamba kabisa, zikikazwa kwenye toni huvuta kwa nguvu ya kilo 70 hivi, usiku na mchana, miaka nenda miaka rudi. Upande mmoja zinavuta kichwa cha shingo kuja mbele. Upande mwingine zinavuta daraja. Katikati pana tundu la sauti, sehemu dhaifu kuliko zote. Taratibu uso wa gitaa unazama kidogo mbele ya daraja na kufura nyuma yake, na gogo la ndani ambalo shingo imegandishwa kwake linazunguka kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Shingo inafuata. Ona lango zito la chuma: miaka ikipita nguzo inalalia upande wa lango hata kama bawaba zimekaza sawasawa, na ukiongeza skrubu kwenye bawaba nguzo haitasimama. Ndiyo maana nasema fundi wako amekosea neno aliposema "imelegea". Kiungo kinaweza kuwa kimeshika kama siku kilipotoka kiwandani, pembe ikawa imeharibika. Skrubu zitaigandisha pembe ileile mbaya, zipasue kisigino, na siku fundi wa gitaa akitaka kuing'oa shingo akute chuma njiani.

Kuna hali moja tu ambayo neno hilo lingekuwa sahihi. Jaribu kupenyeza kipande cha karatasi kati ya kisigino na sanduku nyuzi zikiwa zimekazwa. Kikiingia, au ukiona ufa mpya kwenye rangi pale shingo inapokutana na sanduku, kiungo kimeachia. Hiyo ni kazi ya fundi, na kwa bahati ni rahisi zaidi, kwa kuwa nusu ya kung'oa imeshafanyika yenyewe. Bado si ya skrubu.

Halafu kuna Kisumu yenyewe. Gitaa hili limekaa Nakuru, mita 1,850 hivi juu ya bahari, ambako Januari na Februari hewa hukauka mpaka midomo inapasuka. Umelileta kando ya ziwa, kama mita 1,130, kwenye joto na unyevu. Mbao hunywa unyevu na kutanuka kwa upana, si kwa urefu. Uso wa gitaa umegandishwa kwenye mbavu za ndani zinazouzuia kutanuka pembeni, kwa hiyo unapata njia moja tu: juu. Unafura, unapandisha daraja, na nyuzi zinapanda nalo. Daraja likipanda milimita 1, kimo kwenye freti ya 12 hupanda nusu milimita. Watengenezaji wengi hupendekeza gitaa kavu likae kwenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Kipima unyevu kidogo cha kidijitali ukikiweka ndani ya boksi la gitaa kitakuambia uko wapi. Kama wakati unaandika ilikuwa masika, kati ya Machi na Mei, usifanye uamuzi wowote wa patasi kwa vipimo vya msimu huo. Liweke kwenye boksi lililofungwa pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, vingi kidogo, kwa wiki mbili, kisha pima tena. Usilianike juani, na usiliache kwenye gari. Gari lililofungwa mchana wa Kisumu linaweza kupata joto la kutosha kulainisha gundi, na hapo tutakuwa tunazungumza habari nyingine.

Ukishamaliza hayo, pima pembe yenyewe. Tafuta rula ya chuma ya sentimita 60, iliyonyooka. Kaza nyuzi kwenye toni ya kawaida. Simamisha rula kwa ukingo wake juu ya freti, kati ya uzi wa tatu na wa nne, isukume mpaka ncha yake ifike kwenye daraja. Tazama inapogota. Ikipita juu kidogo ya ubao wa daraja au kuugusa kwa juu, pembe ni nzuri na tatizo liko kwingine. Ikigonga uso wa mbele wa daraja, chini ya ukingo wake wa juu, pembe imeshuka. Milimita moja chini ni jambo la kuishi nalo. Zikifika tatu, gitaa linaomba kazi kubwa.

Ukiwa hapo, angalia pia kama daraja lenyewe limeanza kubanduka nyuma. Karatasi ileile itakuonyesha. Ingiza simu yenye tochi kwenye tundu la sauti upige picha mbavu za ndani, kisha gonga uso taratibu kwa kifundo cha kidole. Ubavu ulioachia hulia kama kitu kilicholegea ndani, na uso hufura mahali hapo. Ubavu mmoja ukigandishwa upya unaweza kurudisha zaidi ya nusu milimita bila mtu kugusa shingo. Nimeona magitaa yakihukumiwa kung'olewa shingo kwa kosa la ubavu.

Tuseme sasa umefanya yote, hewa imekauka, mbavu zimeshika, na kwenye freti ya 12 bado una milimita 4. Unataka 2.5 kwa uzi mnene, kimo cha kawaida kwa gitaa la nyuzi za chuma. Ziada ni 1.5. Kwa kuwa freti ya 12 iko katikati ya uzi, kushusha 1.5 pale kunataka kushusha 3 kwenye mfupa wa daraja, na wewe umebakiwa na mfupa wa 1. Hesabu haikubali. Hapo ndipo kazi ya kung'oa shingo na kuirudisha inapokuwa jibu la kweli, wala si kwa sababu mtu ameona video.

Kazi hiyo ni hivi. Magitaa mengi ya nyuzi za chuma ya enzi hizo yana kiungo cha dovuteli: ulimi wa mbao uliopanuka ndani, unaoshuka kwenye tundu la umbo lake kwenye gogo la ndani, ukajifunga. Juu yake ubao wa vidole unaendelea mpaka karibu na tundu la sauti, nao umegandishwa kwenye uso wa gitaa. Kwa hiyo kuna gundi mbili za kuachanisha. Fundi huanza na ile ya juu: anapasha moto sehemu ya ubao wa vidole iliyo juu ya sanduku na kupenyeza kisu chembamba kisicho na makali, sentimita kwa sentimita, bila kung'oa nyuzinyuzi za mbao laini ya uso. Kisha anang'oa freti moja baada ya kiungo, yaani ya 15 kwa gitaa ambalo shingo inakutana na sanduku kwenye ya 14. Freti hiyo hupashwa joto kwanza ili isibandue ubao. Chini yake, kama bahati ipo, pana nafasi ndogo iliyoachwa kati ya ulimi na ukuta wa tundu. Anatoboa humo kishimo cha milimita 2 au 3, anaingiza sindano yenye mvuke, na huku klempu maalumu ikisukuma kisigino kutoka chini, anasubiri. Wengine siku hizi hutumia fimbo za chuma zenye moto badala ya mvuke, ili maji yasiingie kwenye mbao. Shingo inapoachia husikika sauti ya kunyonya, na lazima itolewe mara hiyo kabla gundi haijashika tena.

Video huwa inakatika hapo, muziki unaingia, na shingo inaonekana imerudi. Kazi ndiyo kwanza inaanza. Mbao iliyolowa mvuke inaachwa ikauke kwa siku kadhaa, vizuri zaidi wiki. Gundi ya zamani inasafishwa bila kula mbao. Halafu ndiyo hesabu ya kisigino. Tuseme uzi wako una urefu wa milimita 634 kutoka kichwani hadi darajani. Kutoka kiungo cha freti ya 14 hadi kwenye mfupa ni kama 282. Kisigino tukikadirie 85. Tunataka mstari wa freti upande milimita 3 pale darajani kurekebisha kimo, na 2 zaidi ili upate mfupa wa milimita 3 unaofaa badala ya huo wa 1, jumla 5. Zidisha 85 kwa 5, gawa kwa 282: milimita 1.5. Hicho ndicho kinachotolewa kwenye ncha ya kisigino, kikipungua polepole mpaka sifuri pale juu kwenye ubao wa vidole. Milimita moja na nusu, Mwalimu, tena pande zote mbili sawasawa, maana ukikosea upande mmoja kwa unywele shingo itaelekea kushoto au kulia na uzi wa pembeni utatoka nje ya freti. Fundi huitoa kwa patasi na vipande vya msasa vinavyovutwa kati ya kisigino na sanduku. Kisha ulimi wa dovuteli, ambao sasa haukazi tena, unaongezwa vipande vyembamba vya vinia mpaka ukae kwa kubana bila gundi. Wakati mwingine chini ya ubao wa vidole uliolala juu ya sanduku hutiwa kabari nyembamba usije ukabonyea kuanzia freti ya 14. Mara nyingi freti chache zinahitaji kusawazishwa baadaye. Ni mfupa mpya, ni nyuzi mpya, ni kupima tena.

Mkono wako na patasi siudharau. Sehemu ya patasi huenda ungeiweza. Kinachonitisha ni mambo mawili yanayoitangulia. La kwanza ni hiyo presha kuka. Ukiunganisha mpira na sindano kwenye valvu yake umetengeneza chombo cha shinikizo ambacho njia yake ya kutokea ni tundu la sindano. Uchafu au gundi ikiziba tundu hilo, na kama umeigusa valvu ya usalama, unaweza kuunguza uso, si wa gitaa. La pili ni gundi. Gundi ya ngozi, iliyotumika kwenye magitaa mengi ya zamani ya Marekani, hulainika kwa joto la kadiri na unyevu. Gundi nyeupe ya maseremala nayo hukubali moto. Lakini magitaa mengi ya Japani ya miaka ya 1970 yana sifa ya kung'ang'ania: gundi ngumu isiyojali mvuke, na mara nyingine ile nafasi ya chini ya freti haipo, sindano inaingia kwenye mbao tupu. Mtu anayeongeza mvuke kwa hasira hapo hupata rangi iliyogeuka nyeupe, uso uliovimba, ubao wa vidole uliobanduka na kisigino kilichopasuka, huku kiungo bado kimeshika. Mafundi wazoefu wakikutana na kiungo cha namna hiyo huacha kubembeleza: hukata shingo kwa msumeno mwembamba usawa wa kiungo, wakaigeuza kuwa ya bolti mbili zinazokazwa kutoka ndani ya sanduku. Mzee wa mila atakunja uso, ila mara ya pili shingo hiyo hutoka kwa spana.

Kabla hujaogopa, ingiza mkono kwenye tundu la sauti uguse gogo la ndani chini ya shingo, au tumia kioo na tochi. Ukikuta vichwa vya bolti au kibandiko kinachofunika matundu, shingo yako ni ya bolti na habari yote hii inakuwa nyepesi. Taylor wa Marekani wamefunga shingo zao kwa mtindo wa bolti na vipande vya kurekebishia pembe tangu 1999, na kwao kazi hii huchukua muda mfupi. Kwa gitaa la Japani la umri wa lako sitarajii, ila kuangalia ni bure. Na kama msomaji mwingine ana gitaa la nyuzi za nailoni, asifuate maelezo haya hata kidogo: mengi ya hayo ya mtindo wa Kihispania yana shingo iliyojengwa pamoja na sanduku, kuta za pembeni za sanduku zimeingia ndani ya kisigino. Hakuna cha kuvuta.

Basi uchague nini? Nikiwa mkweli, gitaa la aina yako likiuzwa mara nyingi halifikii gharama ya kazi hii ikifanywa vizuri. Huko Marekani kung'oa na kurudisha shingo ya dovuteli hutozwa mamia ya dola. Lakini ni la baba yako, na hesabu hiyo sina haki ya kukufanyia.

Ningeanza na ya bei nafuu. Mikato ya mfupa wa kichwani, trasirodi ikiwa karatasi zimesema hivyo, ubavu ulioachia, na seti nyepesi ya nyuzi. Seti ya 10 hushusha mvuto hadi karibu kilo 60. Unaweza pia kulegeza nyuzi zote nusu toni, hiyo hupunguza mvuto kwa takriban asilimia 11, kisha ukaweka kapo, kile kibanio cha kubana nyuzi zote, kwenye freti ya kwanza ili uimbe kwenye sauti ileile na kwaya. Kama uchezaji wako ni wa vidole karibu na kichwa, ule wa omutibo ambao Magharibi yetu inaujua, milimita 3.5 kwenye freti ya 12 hazitakusumbua sana na gitaa litaendelea kuimba miaka mingi. Wapo wazee wanaolitaka hivyo, wanasema uzi ulio karibu na freti hauna sauti. Sibishani nao.

Njia ya katikati ni kupunguza unene wa ubao wa daraja ili mfupa upate nafasi. Inafanya kazi, na kwenye gitaa la thamani ndogo siikatazi. Ila inakula uimara wa daraja, inabadilisha sauti kidogo, na haiwezi kurudishwa bila kutengeneza daraja jipya. Kwa gitaa la kumbukumbu naiweka nyuma kabisa, baada ya kazi ya bolti.

Rula ikionyesha milimita tatu au zaidi chini, au karatasi ikiingia kwenye kisigino, au ukiona ufa kwenye kisigino au nyuma ya kichwa, lipeleke kwa fundi wa gitaa ana kwa ana. Huenda ikakubidi uende Nairobi. Muulize mambo matatu kabla hujamwachia. Ni kiungo gani hiki, na amejuaje? Ameshatoa shingo ngapi za gundi, na akuonyeshe moja? Atakata kiasi gani kwenye kisigino, na amekipata vipi? Mwenye ujuzi atafurahia maswali na kuchukua rula. Anayejibu "usijali, tutaona" mwachie akutengenezee kiti. Ukisafiri nalo kwa basi, legeza nyuzi toni moja au mbili, jaza nguo kuzunguka kichwa ndani ya boksi, na ukae nalo ndani. Buti la basi ni moto, na sanduku la mtu mwingine litalala juu yake.

Mwisho, nyuzi. Usizitoe zote ukakaa miezi. Shingo na trasirodi iliyokazwa bila nyuzi huanza kupinda upande wa pili. Zishushe toni moja, ambayo hupunguza mvuto kwa asilimia 20 hivi, na lile robo mzunguko uliloongeza kwenye trasirodi ulirudishe. Wiki mbili za vipakiti zikiisha, nitumie namba nne: kimo cha freti ya 12, idadi ya karatasi zinazopita kwenye freti ya saba, idadi zinazopita kwenye freti ya kwanza ukibana ya tatu, na rula inagota wapi kwenye daraja. Na picha moja ya kisigino kutoka pembeni, taa ikiwa nyuma yake.